Mchi wa Mzinga wa Baba

Kiharusi kilimwachia mama mkono wa kushoto peke yake, na hapo ndipo alipopoteza jiko lake. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wifi yangu alipika, mama akakaa kando akitazama viazi vya mukimo vikipondwa na mtu mwingine, yeye aliyewahi kulisha harusi nzima. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekasirika, na nikikasirika huwa natafuta msumeno.

Kazi yangu ni ya ofisini, Meru mjini. Jioni huokota vipande vya mbao penye majengo mapya kule Kinoru na kuchonga miiko na vibao vya kukatia mboga. Mchi wa nyumbani ulikuwa mzito, wa mikono miwili, basi nikamchongea mama mwepesi wa saiprasi, nikaupeleka nyumbani Muthara kwa maringo yangu yote.

Haraka haina baraka. Mukimo ulinuka utomvu; ungedhani tumepika ule ua wa saiprasi wa shule. Kaka yangu alisukuma sahani kando. Mama alimaliza yake, akaomba nyingine, na hapo nikajua ananihurumia. Nilitoka nje nikalia.

Alinifuata polepole na mkongojo wake, akaniambia kwamba mti wa muringa ndio hauna harufu, na muringa upo stoo. Nilijua anachosema. Ulikuwa mzinga wa nyuki wa marehemu baba, gogo lililopasuka upande mmoja, ambalo hakuna aliyethubutu kulitupa. Kwetu mizinga ilikuwa mambo ya wanaume. Mama alipokea asali mlangoni miaka yote ya ndoa yake, lakini mzinga wenyewe hakuwahi kuugusa. Nikasitasita.

"Kata," akasema.

Safari hii sikupima mpini kwa kiganja changu. Nilimshikisha kijiti mkono wa kushoto, nikachora alama pale vidole vilipofika, nikachonga kwa kufuata alama hizo.

Jumapili baada ya kanisa wifi alimshikia sufuria. Mama akaponda viazi, mahindi na majani ya malenge, akapumzika, akaponda tena. Ilichukua muda mrefu na tulikuwa na njaa, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia.

Alipomaliza aliupangusa mchi kwa leso yake, akautazama.

"Baba yenu angeniona leo," akasema, "angenigombeza mpaka jioni."

Kisha akala kidogo, akatafuna akifikiria, akaniangalia.

"Hauna harufu," akasema, na akanipakulia mimi kwanza, kwa mkono wake mwenyewe.