Kazi ya Uvuvi Niliyoifuata Msambweni

Mnisamehe kwa mwandiko huu na maneno niliyokosea. Nilifika darasa la nane tu, na naandika polepole.

Nilipomaliza mtihani, baba aliniambia, "Kazi zimekuwa adimu miaka hii ya tisini. Nenda kwa shangazi yako Msambweni, mumewe ni mvuvi. Akikupa kazi, kaa. Ukikosa, panga la miwa linakungoja." Sikulipenda panga hilo. Mama akanifungia jogoo, maana kwetu mtu hatembei mikono mitupu.

Kutoka kwetu Butali, kwenye mashamba ya miwa, hadi Mombasa, jogoo aliwika kila basi liliposimama. Nilijifanya simjui.

Msambweni tulifika jioni ya siku ya pili. Mume wa shangazi, Mzee Bakari, alimtazama jogoo. "Karibu sana," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na wewe pia, mwanangu."

Asubuhi tulivuta juya, wavu mrefu wa ufukweni, wanaume kumi na wawili, mpaka viganja vikawaka moto. Tulipata majani, vidagaa kama kucha, na samaki mmoja wa mviringo. Nilimkumbatia.

"Mtupe!" walicheka. "Bunju huyo! Ukimla leo, kesho tunakuzika."

Niliona haya. Nikamwuliza Mzee Bakari taratibu, "Mmeshavuna. Sasa mnangoja samaki wachipuke tena, kama miwa?"

Kicheko kilikoma. "Miwa mnaacha mashina," alisema. "Sisi tumevuta mpaka watoto na mayai, na meli kubwa huko nje zinakomba waliosalia. Kitachipuka nini?"

Adhuhuri jogoo alichinjwa, na wavuvi wote wakaja. Kwetu mgeni wa heshima hupewa firigisi, basi nikaingoja kwa adabu. Mzee Bakari akamtupia paka. "Maskini, naye alitegemea bahari."

Siku ya nne nilijikaza, nikaomba kazi. Alikuna kichwa. "Mwanangu, mimi nilitaka kukuuliza wewe. Kwenu wanachukua wakata miwa?"

Tuliporudi Butali wawili, mimi na Mzee Bakari, baba alitukuta langoni. "Mimi nilikutuma uende kuwa mvuvi. Sikukwambia uniletee mmoja!" Lakini alimpa kiti, na kesho yake panga.

Sasa tunakata safu moja. Nimejifunza kwamba hata bahari huvunwa ikaisha. Nyapara humkemea, "Kata chini, mzee, unaacha sukari!" Naye hujibu, "Naogopa kumaliza."

Shangazi amebaki Msambweni, anamngoja mumewe. Kama mnajua pwani wanakovua na kubakiza, tafadhali niandikieni. Nitamsomea Mzee Bakari barua hiyo mimi mwenyewe.