Mafiga ya Nyuma ya Nyumba

Miye sikuzaliwa na uvumilivu. Aliyenijua zamani atakuambia: maneno yalinitoka kabla sijayatafuna. Basi fikiria siku ile narudi kutoka kwenye tanuru ya shaba, macho yanawaka kwa moshi, nakuta ukuta wangu mweupe umepakwa matope toka dirishani mpaka chini.

Nasema wangu, ingawa nyumba ilikuwa ya kampuni. Enzi zile za Wabelgiji, hapa Elisabethville, kijana akioa alikaa kwanza kwenye vibanda vya majani mwisho wa kambi. Sisi tulingoja mpaka bibi yangu akawa na mimba, ndipo tukapewa nyumba ya matofali. Lakini mzungu wa kambi alipita kukagua, na mwenye ukuta mchafu alirudishwa kwenye majani. Mvua zilikuwa zimeanza. Mtoto wangu azaliwe chini ya paa linalovuja? Hapana, kweli!

Aliyefanya hakujificha. Alikuwa mama mjane wa nyumba ya pili, aliyekaa kwa kaka yake. Nyumba yetu ilikuwa yake. Mumewe alipofariki, kampuni ikanipa miye. Leo matope, kesho maboga ya bibi yangu yameng'olewa na mizizi yake, keshokutwa mlango umekwaruzwa kwa kisu. Nikimfokea, ananitazama tu.

Nikasema, utaniona! Nikaenda mpaka porini, upande wa Kasungami, nikarudi na mzigo wa miiba, nikazungushia nyumba yote. Nilichomwa mikono mpaka bibi yangu akacheka: "Papa, mwizi akikuja atakuhurumia." Mama yule akaisukuma miiba kando kwa jembe, mchana kweupe, akapaka matope yake, akaenda zake.

"Kesho mzungu anapita," nikamwambia bibi yangu. "Nitamuonyesha muntu mwenyewe."

Hapo akaacha kucheka. Wote tulijua kwamba mjane hakuwa na haki ya kukaa kambini, alivumiliwa tu. Neno langu moja, angepakiwa kwenye gari la moshi arudi kaskazini, kijijini, ambako hakubakiwa na mtu.

"Uliisha kumuuliza juu ya nini anafanyaka vile?"

"Kichaa anaulizwaka?"

Akajifunga nguo vizuri, akaenda. Nikamfuata, mdomo tayari.

Mama yule alikuwa akimenya mihogo kwenye jiko la wifi yake.

"Yaya," bibi yangu akasema, kama anayemwita dada mkubwa, "tulikukosea nini?"

Hakuinua kichwa. "Mafiga yangu iko wapi?"

Bibi yangu akajishika mdomo. Siku tuliyohamia alikuta nyuma ya nyumba mafiga matatu ya udongo wa kichuguu. Kwao Kilwa, si ile ya pwani, ni hii yetu ya ziwani, alifundishwa kwamba moto wa marehemu haupikiwi. Mwanamke mpya huvunja mafiga ya zamani na kuweka yake. Akayavunja, akayamwaga kwenye mfereji, mvua ikayala. Kumbe kwa watu wa mama yule mafiga si ya nyumba, ni ya mke.

"Bwana wangu aliyakata mwenyewe, siku alinileta huku," mama akasema. "Nyumba ni ya kampuni, bakamate. Nilimaliza matanga, nikakuja kuchukua mafiga yangu tu. Haiko. Sasa ninapika kwa moto ya bantu bengine. Kila siku ninaomba kwanza."

Kisu kikamponyoka, akalia. Na miye, na ukali wangu wote, nilimhurumia.

Asubuhi mzungu akaja na kapita wake, msimamizi wa wafanyakazi. Mama yule alisimama mlangoni kwa kaka yake, anangoja tumtaje.

"Nani alichafua huu ukuta?" kapita akauliza.

Nikafungua mdomo. Bibi yangu akanitangulia.

"Ni miye. Nilikuwa natengeneza udongo ya jiko."

Mzungu akatazama tumbo lake, akatazama ukuta. Mpaka Jumamosi uwe mweupe, akasema, ama mnatoka.

Chokaa na mvua havipatani. Nilikuwa nagombana na ndoo, natukana mawingu, nilipomwona mama yule anakuja na brashi yake. Hakunisemesha. Alipaka upande wake, miye wangu, na mvua ikituharibia, tulipaka tena. Jumamosi mzungu alipita bila kusimama.

Siku ile ile wanawake wakachukua sururu yangu, wakaenda kwenye kichuguu. Nilipoona bibi yangu na tumbo lake, nikapiga kelele: figa moja linatosha leo, pumzika!

"Figa moja haliinjiki chungu," mama yule akanijibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Wakayaweka nyuma kwetu, pale pale pa zamani, na chungu cha kwanza kilikuwa chake. Tangu hapo, kila asubuhi, bibi yangu ndiye aliyesimama kwanza na kuuliza: "Yaya, niombe moto?" Na yule, huku akisogea: "Kamata, mudogo wangu." Mtoto wetu alipozaliwa, maji yake ya kuoga yalichemshwa pale.

Mama yule alipofariki, mafiga yalibaki kwa bibi yangu. Naye akamfuata mwenzake. Nilipomaliza kazi ya kampuni, na miye nikaambiwa niiache nyumba. Wakaja kijana na muke wake, watu wa adabu. Nilikuwa nafunga sanduku mbele ya nyumba nilipomsikia yule binti anafagia nyuma.

"Papa," akaniita, "hii udongo ya huku, tuivunje?"

Nikaliacha sanduku wazi, nikakimbia, na magoti yangu haya.