Sentensi ya Kisima

Wakutubi wenzake chuoni walimpachika jina Kupe, maana aking'ang'ania kitu habanduki. Mpe mada yoyote, atakuchimbulia makala mtandaoni hata zile ambazo waandishi wenyewe wamezisahau. Siku hiyo aling'ang'ania tasnifu ya mdogo wake wa mwisho. Kesho yake mdogo huyo angeitetea awe daktari, si wa sindano, wa vitabu. Mtahini alitaka uhakika kwamba utafiti huo wa maji ya visima haujafanywa na mwingine.

"Mwambie hakuna, dada, twende zetu," mdogo wake alisema, amesimama nyuma ya kiti. Feni ilizunguka, na bado jasho lilimtoka.

"Wewe! Hakuna ya nani? Sijatafuta bado."

Aliandika maji ya visima, makala zikamwagika. Akayafunga maneno hayo kwa alama za kunukuu yatafutwe pamoja, zikapungua. Akaweka alama ya kutoa mbele ya neno umwagiliaji, habari za mashamba zikaondoka. Akabana miaka, abaki na za karibuni tu. Akazisoma moja moja. Hakuna iliyofanana, moyo ukamtulia.

"Si nilikwambia?" Mdogo wake alishashika begi.

Hapo ndipo mapenzi yalipomponza Kupe, masikini. Sura ya tatu ilikuwa na sentensi aliyoipenda mno, hata wenzake aliwachosha kwa kuwasomea: "Kisima hakilali hata wenyewe wakilala." Akaichapa nzima ndani ya alama za kunukuu, akaondoa kikomo cha miaka, ili aone raha kwamba duniani hakuna mwingine aliyeisema.

"Dada, acha!"

Alishabonyeza. Tokeo moja. Makala ya zamani, ya mtafiti wasiyemjua. Sentensi ile ile, aya zile zile, hadi majedwali. Lo! Akageuka, akautafuta mshangao usoni mwa mdogo wake. Haukuwepo.

"Mtahini hawezi kutafuta kama wewe," alinong'ona. "Ukinyamaza, imepita."

Simu ikaita. Alikuwa mama yao, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari.

"Daktari wangu yuko hapo?"

Kupe akamtazama mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Alimchukia na kumhurumia kwa pamoja.

"Yupo, mama," akasema. "Ila usimwite daktari."