Santuri za Baba Zilizokaanga Sambaza

Juzi, katika ghorofa niliyoijenga mwenyewe hapa Goma baada ya kurudi kutoka Ulaya na diploma yangu ya uhandisi wa umeme, nilimkuta mtoto wa dada yangu akisugua santuri kuukuu aliyoinunua sokoni kwa kitambaa cha nailoni. Nilicheka hadi akanuna. Rafiki yangu, huko Ulaya nilijifunza majina tu ya umeme wa nailoni. Kazi yenyewe niliifanya mtaani kwetu Murara, nikiwa bado na sketi ya shule.

Kila Jumapili, baada ya misa, baba alisugua santuri zake kwa kitambaa cha kichwa cha mama, cha nailoni, kama mtu anayeng'arisha viatu. Kiangazi kilijaa vumbi jeusi la volkano, na kadiri alivyosugua, ndivyo gitaa lilivyozama katika mlio wa mafuta ya moto. Jirani yetu, mwenye redio ya kaseti, alipaza sauti juu ya ua:

“Papa, unakaanga sambaza? Utuletee na bugali!”

Mtaa mzima ulicheka, maana sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, hulia hivyo hivyo kikaangoni. Komunyo ya kwanza ya dada ilipokaribia, mama alisema tuazime ile redio. Baba alisukuma sahani yake, hakula.

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Sweta yangu ya nailoni ilitoa cheche nilipoivua. Na santuri, ikishasuguliwa, vumbi liliirukia kama inzi kwenye maziwa.

“Papa, hiki kitambaa ndicho kinaita vumbi.”

“Ee mutoto, unanifundisha?”

“Unipe moja tu. Nikiiharibu, unichape.”

Nilichukua nepi kuukuu ya pamba, nikailowesha kwa maji ya mvua, kwani ya ziwa huacha weupe, nikaikamua hadi ikabaki ubaridi tu. Nikapangusa polepole, nikifuata mizunguko.

Siku ya sherehe, sindano ilishuka. Kimya. Kisha gitaa likatoka safi, kila uzi peke yake. Jirani aliingia, akatega sikio.

“Muzee, sambaza ziko wapi?”

“Zimeisha. Huyu mutoto yangu alizikula zote!”

Nyumba ile leo iko chini ya mawe ya volkano, pamoja na santuri zake. Muziki unatoka kwenye simu, haukatiki. Hakuna tena ule muda wa kugeuza santuri, wachezaji wamesimama wameshikana mikono, wakingoja upande wa pili. Siku ile ya sherehe baba alinikabidhi kazi hiyo ya kugeuza, na uwanja mzima ulikuwa unaningoja mimi.