Kibuyu Alichoninywea Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja tulipokuwa tukisherehekea mavuno ya asali, huko kwetu Sikonge, ua mzima ukinukia wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Nyumbani kwetu, mwanangu, mke wa mrina asali, kama nilivyokuwa mimi, ndiye anayeonja kibuyu cha kwanza. Kukikataa ni kumvunjia mumewe heshima mbele za watu.

Nami mwaka ule nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza. Sikulala wala sikula, nikatamani ardhi inimeze. Daktari alisema ni sonona, akanipa vidonge vya amitriptilini, nimeze usiku.

Shemeji akaniletea kibuyu, nikamwambia nameza dawa. "Onja, shemeji! Kidonge gani hicho cha kuishinda asali?" Watu wakacheka. Kwa haya, nikanyoosha mkono.

Mama mkwe akainuka. Yeye ndiye aliyenisindikiza hospitali, na alisikia kwamba dawa ile na pombe havikai tumbo moja. Akakipokonya kibuyu, akakinywa chote, akajifuta mdomo.

"Heshima ya mwanangu nimeilinda mimi," akasema. "Au mnataka nimzike na huyu?"

Lo! Shemeji akakichukua kibuyu kitupu, akaondoka nacho.

Baada ya wiki kadhaa usingizi ulirudi, nikataka kuvitupa vidonge. Mama mkwe akanigombeza: "Mvua ya kwanza haiivishi mahindi." Tukarudi kwa daktari, naye, wakati ulipofika, akanipunguzia dozi kidogo kidogo. Hata shemeji alikuja kuomba kidonge, eti hapati usingizi. Mama mkwe akamfukuza: "Nenda ukapimwe! Dawa si ugoro wa kugawana."

Basi, mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, hata mizizi ya babu. Meza ulivyoandikiwa, na ukisahau usifidie kwa kumeza vidonge viwili, maana vikizidi vinaweza kuusimamisha moyo. Vifungie mbali na watoto. Asubuhi inuka taratibu, usije ukashikwa na kizunguzungu, na ukiwa na usingizi usipande pikipiki. Moyo ukienda mbio, au ukijiwa na wazo la kujidhuru, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Sijakwambia jambo moja. Mama mkwe alikuwa Mmoravian wa kweli kweli, muumini wa kanisa lililomkataza pombe. Hakuwahi kuonja pombe kabla ya siku ile, wala baada yake. Nashukuru mpaka leo, machozi yananitoka. Mungu akujalie mtu wa kukunywea kibuyu, mwanangu, nawe akufanye mtu huyo kwa mwenzio.