Stelingi ya Kuka na Meza Yangu

Nyinyi wajukuu, mmepotea mpaka mimi ndio nazunguka madukani kutafuta stelingi, usukani wa gemu! Haya, someni aibu ya leo.

Kuka, babu yenu, aliendesha trakta hapa Mabanga mpaka macho yakakataa barabara. Sasa anaendesha kwa TV tu. Nikamnunulia stelingi ya bei ya chini, ile ya kushika meza kwa vikombe vya mpira.

Kona ya kwanza tu, ikamwangukia miguuni.

Si nikairudisha dukani Kitale nikiwaka!

"Kijana, umeniuzia takataka!"

"Shosho, uliiweka wapi?"

"Juu ya meza. Juu ya kitambaa."

Duka lote likacheka. Ati mpira haushiki kitambaa! Bana, nyumba gani haina vitambaa?

"Si utoe tu, shosho."

"Nitoe nilichoshona mwenyewe? Wageni wakute meza uchi?"

Akanibadilishia na ya kukaza ukingoni kwa skrubu. Hiyo imeshika.

Lakini bado nina hasira, na si ya duka. Mzee akishinda mbio anageuka kutafuta wa kumtania. Hakuna mtu.

Mkija, mje na stelingi ya pili.