Cucu Hakuwa Mpole

Harufu ya spiriti ikichanganyika na vumbi la ndengu zinazokauka juani: hiyo ndiyo Ishiara yangu. Nikiisikia popote, matako hujikaza yenyewe, kwa sababu cucu yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa nesi. Alishastaafu hospitalini, lakini nadhani hakuna aliyewaambia wagonjwa. Walimfuata hadi barazani kwake na vidonda, na miiba, na sindano walizoandikiwa zahanati wakaona heri wadungwe na mkono wanaoujua. Nilipokuwa darasa la tatu, wazazi wangu walinitoa kwetu mtaa wa Dallas, Embu mjini, wakanipeleka kwake Ishiara likizo nzima ya Desemba ili nikapunguze mdomo. Walikosea nyumba.

Cucu alikuwa mfupi, sauti yake kama kengele ya shule, na kila mgonjwa alipewa amri ileile: "Geukia ukuta, teremsha suruali, na usinililie, si mimi niliyekuzaa." Awe chifu, awe mchunga mbuzi, aligeuka. Siku moja alikuja Mzee Njeru, jirani mfugaji ambaye kila siku ya soko alisimulia jinsi alivyomfukuza chui kwa fimbo. Mwiba ulikuwa umezama kwenye shavu la mguu, mguu umevimba kama kibuyu. Alipoona koleo akaomba maji, kisha ghafla akakumbuka kwamba mbuzi wake hawajanywa. Cucu akamtazama. "Njeru, hebu niambie, huyo chui alikuogopea nini?" Baraza zima likaangua kicheko, na kabla mzee hajapata jibu, mwiba ulikuwa kwenye sahani. Juma zima Cucu alipita kwenye jua lile la Ishiara hadi bomani kwake kumbadilishia bendeji, akianza kumtukana tangu langoni. Mzee alikuwa akimngojea amevaa koti lake la Jumapili.

Mimi ni Igoki, kama yeye. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi yake huwa si mjukuu tu, ni bibi mwenyewe aliyerudi mapema. Baba huniita mama. Dada yake, Shangazi Muthoni, huniita mama, halafu ananituma dukani. Basi Cucu alipofariki mwaka huu, familia ilikaa kuandika wasifu wa kusomwa mazishini, na Shangazi akatusomea: "Alikuwa mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache." Nikauliza huyo ni nani. "Mama, nyamaza," akasema. Nikamjibu kwamba kama mimi ndimi mama, basi anyamaze yeye. Nilifinywa mpaka nikaona nyota mchana. Nikawasihi waweke angalau habari ya ule mwiba. Wakasema mchungaji atakuwepo.

Na kwa vile nina jina lake, mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti niusome. Nilisoma "mpole". Nilisoma "maneno machache". Mzee Njeru, aliyeketi safu ya mbele na koti lake, akamgeukia jirani yake na kumuuliza kwa sauti kubwa ya mtu ambaye masikio yamemwishia, "Kwani leo tunamzika nani?" Mimi nilitaka kumjibu, lakini Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, na vidole vyake navijua.

Sasa niko kidato cha tatu, nasoma shule ya Kaaga, na nyumba ya Cucu kule Ishiara ina kufuli. Nikienda huko watu bado wananifunulia vidonda njiani, "Nesi, hebu angalia hiki," mimi ambaye huzimia nikiona damu ya pua. Ukoo mzima umeamua nitasomea unesi kwa sababu ya jina. Yaani wanataka nivae sare yake, lakini mdomo wake wameuzika. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Jumapili moja ya likizo Shangazi alikuwa kwetu. Akaita kutoka jikoni, "Mama, njoo uoshe sufuria." Nikaenda, nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikasema kwa sauti ya kengele: "Geukia ukuta, na usinililie, si mimi niliyekuzaa."

Nilingoja kofi. Shangazi aliweka mwiko chini, akageukia ukuta kweli, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa akicheka au akilia, sijui. Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara ananiambia, "Mama, nyamaza."